Pampu, Valvu na Mama Mkwe wa Masanja

Vijana, kutoka Kilosa hadi Geita siku hizi mtu anasinzia ndani ya basi na kuamka amefika. Mimi safari hiyo ilinichukua karibu mwezi mzima, na sehemu kubwa ya mwezi huo nilikuwa nimekalia mizigo ya watu wengine.

Nilipanda treni daraja la tatu, nikiwa na cheti cha kidato cha nne, shati la akiba na jina la baba yangu mdogo aliyekuwa akifanya kazi kwenye kinu cha pamba Shinyanga. Tabora tulisubiri mabehewa ya kwenda upande wa Mwanza hadi abiria wakaanza kuazimana sufuria. Nilipofika Shinyanga, kinuni waliniambia baba mdogo amehamia Kahama. Kahama wakasema amekwenda Bugarama, kwenye dhahabu. Nikapanda juu ya lori la chumvi, na kila kilima tukishuka kulisukuma, na kila tukipanda tena chumvi inatuingia mahali ambapo chumvi haitakiwi. Bugarama wakaniambia, "Huyo? Yuko Geita." Geita wakanipokea vizuri, wakanipa maji ya kunywa, wakaniambia baba mdogo amechoka na dhahabu, amerudi Kilosa. Treni zetu zilipishana mahali fulani karibu na Manyoni, yeye akichungulia dirisha la kushoto na mimi la kulia.

Nauli ya kurudi sikuwa nayo, kwa hiyo nikabaki. Nilishuka na wachimbaji kwenye mashimo yao, wenyewe wanayaita maduara, nikagundua kwamba mimi ni mtu wa kuogopa shimo. Siku moja, nikizurura mtaa wa Kalangalala nikifuata harufu ya mkate, nilikuta nyuma ya tanuri la mikate mtu mrefu mwembamba amesimama mbele ya mashine inayonguruma, amefunga kitambaa cha kanga kichwani.

"Umesoma?" akaniuliza bila salamu.

"Hadi kidato cha nne."

"Vizuri. Shika hapa, usiachie."

Nikashika. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Huyo alikuwa Fundi Masanja, Msukuma wa Shinyanga vijijini, na mashine ile ilikuwa ya kupasulia magogo. Mwenye mashine na tanuri alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi, Mwislamu, tuliyemwita Baba Shenaz kwa jina la binti yake. Alikuwa ameipata mashine ndani ya kontena la vifaa chakavu, akaipeleka nyuma ya tanuri kwa sababu mikate ya mji mzima ilihitaji kuni na wapasuaji kuni wote walikuwa wamekimbilia dhahabu. Watu waliiita Nzagamba, yaani ng'ombe dume, kwa jinsi ilivyokuwa inainamisha kichwa na kusukuma.

Nawaandikia ninyi mnaokaa siku hizi kwenye mitambo mikubwa yenye kiyoyozi, mnasogeza kijiti kwa vidole viwili na mlima unahama. Najua hamuulizi kinachotokea chini ya kiti. Mgongo wangu umenistaafisha mapema, sina la kufanya ila kuwaeleza, tena kwa namna nilivyoelezwa mimi, maana mwalimu wangu hakuwa na ubao. Alikuwa na ng'ombe kichwani.

"Kilosa," alianza, maana hilo ndilo likawa jina langu, "unajua josho?"

"Najua."

"Basi unajua mashine hii. Injini inazungusha pampu. Pampu ni mchungaji mwenye haraka. Kazi yake ni kuswaga tu. Haijui ng'ombe wanakwenda wapi, wala haijali. Ng'ombe ni haya mafuta. Valvu ndiyo lango. Ukisukuma huu mkono mbele, lango linafunguka upande huu, mafuta yanaingia nyuma ya pistoni, kabari inakwenda kwenye gogo. Ukivuta mkono, yanaingia upande wa pili, kabari inarudi. Ukiuacha katikati, ng'ombe wanazunguka, wanarudi zizini kwenye tangi, hakuna aliyechoka."

"Na nguvu inatoka kwenye pampu?"

"Nguvu inatoka kwenye gogo."

Nilidhani ananifanyia utani wa mgeni. Lakini alikuwa hacheki.

"Njia ikiwa wazi ng'ombe wanapita wakipunga mikia, au siyo? Sasa ziba njia, mchungaji aendelee kuswaga. Watabanana. Huo mbanano ndio presha. Gogo laini, presha ndogo. Gogo likijifanya bishi, presha inapanda. Gogo linapasuliwa na ubishi wake lenyewe, Kilosa. Kama wewe na hilo shati lako."

Shati langu halikuwa na kosa lolote, ila niliendelea kusikiliza. Akanionyesha kwamba ndani ya pampu ile mlikuwa na jozi mbili za magurudumu ya meno, kubwa na ndogo. Kabari ikiwa bado haijagusa gogo, jozi zote mbili zinaswaga mafuta, kabari inakimbia. Ikigusa gogo na gogo likakataa, ile jozi kubwa inakaa pembeni, mafuta yake yanarudi tangini, na ile ndogo inabaki peke yake, polepole, lakini kwa nguvu ya kutisha. Unasikia kabisa injini ikibadilisha sauti, kama mtu aliyekuwa akipiga soga akakumbuka kwamba amebeba gunia.

"Na gogo likikataa kabisa?"

"Hapo ndipo pana hii skrubu." Akagusa kijipande kidogo ubavuni mwa valvu. "Hii ni valvu ya usalama. Kwenye kila uzio acha mahali pamoja pafupi makusudi. Ng'ombe wakizidi kubanana wataruka hapo, si kuvunja uzio wote. Ukisikia inalia kama filimbi, ujue wanaruka. Usiikaze. Hata siku moja usiikaze."

Nina uhakika na somo hilo kwa sababu wiki chache baadaye aliikaza yeye mwenyewe. Tulikuwa na gogo la mninga lililomkera, akaongeza kidogo, akaongeza tena kidogo, na mpira wa mafuta ukapasuka kwa kishindo. Ilikuwa Ijumaa. Baba Shenaz alikuwa ndiyo kwanza ametoka mlangoni na kanzu iliyopigwa pasi hadi inang'aa. Mafuta yalimkuta kifuani, yakashuka hadi magotini.

"Masanja!" alisema kwa upole wa mtu asiyeamini. "Mimi nakwenda msikitini. Siendi gereji."

"Samahani, Baba Shenaz. Ng'ombe wameruka."

"Ng'ombe gani? Ng'ombe gani, wewe?"

Tangu siku hiyo Baba Shenaz alikuwa akitoka kwa mlango wa mbele na kuuzunguka mtaa mzima. Na tangu siku hiyo na mimi nilijifunza lile ambalo nataka mlishike hata kama mengine yote mtayasahau: mpira ukivuja, usipapase kwa mkono kutafuta tundu. Mafuta yenye presha yanapita kwenye ngozi kama sindano, na daktari atakukata sana kuyatafuta. Masanja alikuwa akipitisha kipande cha boksi. Boksi likitoboka, tundu limepatikana, na vidole bado ni vyako.

Sasa niwaambie habari ya Kabula, kwa sababu bila yeye Masanja angebaki kuwa fundi wa kawaida.

Magogo yetu mengi yalitoka upande wa Buseresere, barabara ya Biharamulo, na pale palikuwa na mama mmoja mjane aliyekuwa na mgahawa wa wachimbaji na wenye malori. Mama Kabula. Mwanamke mnene, mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Masanja alikuwa mteja wake mkubwa. Alikuwa akimtania ugali wake, anasema unaweza kujengea nyumba, na Mama Kabula anamjibu kwamba nyumba hiyo angalau ingekuwa na mwanamume ndani. Walikuwa wanacheka hadi mchuzi unapoa.

Halafu Masanja akampenda binti yake. Wazee wakapeleka posa, ikapokelewa ili ikazungumzwe. Na siku ile ile vicheko vikaisha, kwa sababu mila za huko haziruhusu mwanamume kukutana uso kwa uso na mama mkwe wake. Hamsemeshi, hamtaji jina, na mama mkwe naye hataji la mkwewe. Wakikaribiana njiani, mmoja anaingia porini.

Mimi mtu wa Kilosa nilidhani ni mambo ya kusema tu. Loo! Nilimwona Masanja, mtu mzima na mafuta mikononi, akiruka mtaroni kwa sababu ameona kanga anayoifahamu inakuja. Mara nyingine alijifunika karai kichwani na kutembea hivyo hivyo hadi akaugonga mti. Chakula chake nilikuwa namletea mimi nyuma ya lori, na Mama Kabula alikuwa akiniuliza kwa sauti ya chini, "Amekula? Amemaliza? Amesema nini juu ya ugali?"

"Amesema ni mtamu sana, Mama."

"Mwongo," anasema kwa masikitiko. Alikuwa amekosa mtu wa kugombana naye.

Ila alikuwa na shaka moja, na alikuwa mama wa kuisema. Wanaume aliowajua walikuwa wanalima, wanafuga au wanachimba. Masanja alikuwa anasimama mahali na kushika kijiti. Ndugu za Mama Kabula wakakaa kikao, na kaka yake mkubwa, Mzee Maganga, mjomba wa Kabula na msemaji wa ukoo, akatuletea neno Kalangalala.

"Dada yangu anasema mwanawe haolewi na kelele," alisema, amekaa juu ya gogo letu, fimbo kati ya magoti. "Kelele ameisikia. Kazi hajaiona. Anataka mashine ije nyumbani kwake ipasue kuni za harusi, yeye akiwa amesimama pale pale anaangalia. Ikishindwa, posa inarudi."

Masanja akakauka. "Shikamoo, mjomba, lakini atasimamaje pale pale? Mimi si nitakuwepo?"

"Marahaba. Wewe hutakiwi kuonekana."

"Sasa nani atashika mkono wa valvu?"

"Wewe."

"Nisionekane?"

"Usionekane hata unywele." Mzee Maganga akainuka. "Mimi ni mjumbe tu, bhabha. Fundi ni wewe."

Vijana, nimefanya kazi migodini, bandarini na mashambani, na sijawahi kuona kifaa kikipewa masharti kama yale. Tulijaribu kufunga kamba kwenye mkono wa valvu ili Masanja avute akiwa mbali. Kamba inavuta vizuri sana, lakini haisukumi. Tulijaribu mti mrefu, ukachomoka ukanipiga mbavuni. Siku kadhaa baadaye Masanja akaja amebeba mipira miwili mirefu ya mtambo chakavu, ameiviringisha shingoni kama chatu.

"Tunaikata Nzagamba vipande viwili," alisema. "Injini, pampu, tangi na valvu vinakaa nyuma ya uzio, na mimi. Silinda na kabari vinakaa mbele, uwanjani, pamoja na huyo mama. Katikati inapita mipira miwili tu. Mafuta hayana ukwe. Yatapita."

"Na utajuaje kabari imefika wapi?"

Akaninyooshea kidole. Nikaelewa kwamba macho ya kazi hiyo ni yangu.

Siku yenyewe uwanja wa Mama Kabula ulijaa. Wachimbaji waliacha maduara, wenye malori waliegesha. Tulifunga turubai kwenye uzio wa minyaa, Masanja akaingia nyuma yake mapema kabla mkwewe hajatoka jikoni. Vijana wenye nguvu wakabeba chuma cha silinda na kabari hadi katikati ya uwanja, nikaunganisha mipira. Mama Kabula akatoka na kigoda, akakiweka hatua chache tu kutoka kwenye kabari, akakaa, akakunja mikono.

"Mwangaluka, Mama," nikasema.

"Mwangaluka. Anza."

"Fundi! Mbele!" nikapiga kelele kuelekea kwenye turubai.

Injini ikanguruma. Valvu ya usalama ikalia kama filimbi. Kabari haikusogea hata kidogo. Masanja, asiyeona kitu, akadhani tumeanza na gogo gumu, akazidisha moto. Moshi ukapanda juu ya turubai. Filimbi ikazidi.

Mama Kabula akageuza shingo polepole akamtazama kaka yake. "Maganga. Gogo hata halijawekwa, na limeshashinda."

Uwanja ukaangua kicheko, na mimi nikataka ardhi ipasuke. Nilikuwa nimepishanisha mipira. Mafuta yaliyotakiwa kuisukuma kabari mbele yalikuwa yanaivuta nyuma, nayo ilikuwa tayari imefika mwisho wa nyuma, ikabaki kusukumana na ukuta. Kwa hiyo, siku mkiunganisha mipira inayofanana, fungeni kitambaa kwenye mmoja kabla hamjaufungua. Kitambaa tu. Kingeniokoa na kicheko cha kata nzima.

Nilizima kila kitu, nikaibadilisha mipira, mafuta yakamwagika mchangani na hewa ikaingia mahali pake. Nikaita tena, "Mbele!" Kabari ikaenda. Lakini ilikwenda kama mlevi: inasita, inaruka, inasita. Na nyuma ya turubai pampu ikaanza kulia, sauti nyembamba ya kusaga meno.

Mnaijua sauti hiyo? Ikitokea, zimeni. Mipira mirefu ilikuwa imekunywa mafuta mengi, mengine yako mchangani, tangi limeshuka, na pampu inavuta hewa. Mchungaji anaswaga zizi tupu. Pampu ikiachwa hivyo inajitafuna yenyewe. Nikakimbilia nyuma ya turubai. Masanja alikuwa ameinama juu ya tangi, jasho linamtoka puani.

"Mafuta ya akiba?"

"Yako Kalangalala," akanong'ona. "Nyuma ya mlango. Nimeyaona kabisa asubuhi, nikasema nisiyasahau."

"Sasa?"

"Sasa nenda kaniagie Kabula."

Tukasikia sauti ya upande wa pili wa turubai, karibu sana, na Masanja akajitupa chini ya tela lililobeba injini.

"Kilosa! Hicho chombo kinalia nini?"

"Kina njaa, Mama," nikasema. "Kimepungukiwa mafuta."

Halafu nikasikia kandambili zikielekea jikoni na kurudi. Chini ya turubai ikasukumwa ndoo kubwa, imejaa mafuta ya pamba, yale yale ya kinu cha Shinyanga aliyokuwa akikaangia maandazi.

Masanja akatoa kichwa chini ya tela. Akaitazama ndoo kama mtu anayetazama barua ya mapenzi.

"Haya yanafaa?" nikamuuliza.

"Kwa leo, mafuta ni mafuta. Kesho tutalia."

Na kweli tulikuja kulia. Mafuta ya kula yakikaa ndani ya valvu yanageuka gundi, na kile chuma kinachoteleza ndani kinakwama kama droo ya kabati la zamani. Tulifungua kila kitu na kuosha kwa dizeli hadi vidole vikachubuka. Msiige. Lakini siku ile tuliyamimina, tukapeleka kabari mbele na nyuma mara kadhaa bila gogo ili hewa itoke, na pampu ikatulia, ikaanza kuimba sauti yake ya kawaida.

Baada ya hapo kazi ikawa tamu. Nikiweka gogo, naita, kabari inakuja, gogo linafunguka, naita, kabari inarudi. Mama Kabula alisogeza kigoda karibu zaidi. Mafuta yalipopata moto, Buseresere nzima ikanukia maandazi, na watu ambao hawakuwa na habari ya posa wala ya kuni wakaja na sahani. Mwenye lori mmoja alipanga foleni nyuma ya injini na kukataa kuondoka.

Halafu Mama Kabula akanyoosha kidole. "Na lile."

Nyuma ya jiko lilikuwapo gogo la mkwaju, limejisokota kama kamba, wachimbaji wote walikuwa wameshalikalia wakinywa chai na kila mmoja alikuwa ameshalivunjia mpini wa shoka. Mzee Maganga alijaribu kumtuliza.

"Dada, kuni zimetosha. Harusi mbili zinapikika hapa."

"Sijaona bado. Hizo nyingine hata mimi ningepasua kwa panga. Kama huyo mtu atamlisha mwanangu kwa chuma hiki, nataka nijue chuma kikikutana na kigumu kitafanya nini. Kikishindwa, mrudishie posa yake."

Nilimweleza Masanja kupitia turubai. Nilisikia injini ikiongezwa moto.

Tukaliviringisha gogo, tukaliweka. "Mbele!" Kabari ikaja mbio, ikagusa, injini ikabadilisha sauti: jozi kubwa ya meno imekaa pembeni, ndogo imebaki peke yake. Kabari ikazama kiasi cha unene wa kidole. Ikasimama. Filimbi ikaanza.

"Mwambie arudishe," Mama Kabula akasema. "Inapinda!"

"Bado kidogo, Mama."

"Mwambie!"

"Fundi, mama anasema urudishe!"

"Mwambie mama ngoja kidogo!" ikajibu turubai.

"Anasema ungoje kidogo."

"Nimemsikia, mimi si kiziwi! Mwambie kile chuma kinapinda, kitaruka kitamuua mtu!"

"Fundi, anasema chuma—"

"Nimesikia! Mwambie chuma hakipindi, ni gogo linalojikunja!"

Gogo likalia, mlio mrefu kama mlango wa kanisa. Gome likaruka likapita karibu na shavu langu. Mama Kabula akaruka kutoka kwenye kigoda, mikono kichwani, na sauti yake ikatoka yote.

"Rudisha, wewe Masanja, rudisha!"

Vijana, hata kuku walisimama. Mama mkwe alikuwa amemtaja mkwewe kwa jina, kwa mdomo wake, mbele ya watu wote. Wanawake wakaziba midomo kwa kanga. Mzee Maganga akaangusha fimbo. Na nyuma ya turubai, Masanja, aliposikia jina lake kutoka kwenye sauti ile, aliganda. Hakurudisha, hakuacha, hakupumua. Mkono wake ulibaki pale pale ulipokuwa, umeusukuma wenzo wa valvu mbele, kama mtu aliyepigwa picha.

Lakini pampu haijui aibu ya ukwe. Mwenye kushika lango ameganda na lango liko wazi, basi yenyewe ikaendelea kuswaga. Filimbi inalia, meno madogo yanasukuma, nyuzi za ule mkwaju zikaanza kuachia moja moja, ta, ta, ta, halafu gogo likafunguka katikati kwa mshindo uliotikisa masufuria. Nusu moja ikaangukia huku, nusu nyingine kule, nyekundu ndani kama nyama.

Hakuna aliyeshangilia. Wote walikuwa wanamwangalia Mama Kabula.

Mzee Maganga akaokota fimbo yake taratibu, akaifuta vumbi. Alikuwa mzee anayejua kufurahia nafasi.

"Dada. Mtu akimtaja mkwewe jina, mila inasemaje?"

"Unaijua."

"Nataka waisikie na hawa wenye sahani."

"Anatoa mbuzi," akasema Mama Kabula kwa meno.

"Anatoa mbuzi. Lakini kama yule aliye nyuma ya turubai si mkweo, basi umemwita jina kijana wa watu tu. Hakuna kosa, hakuna mbuzi. Tunamrudishia posa, jua likishuka kila mtu yuko kwake." Akaegemea fimbo. "Kwa hiyo, dada yangu, tuambie. Una kosa au huna?"

Nilimwona Kabula mlangoni mwa jiko, amekishika kitambaa cha kufutia sahani kwa mikono miwili, anakikamua na hakikuwa na maji. Nyuma ya turubai injini ilikuwa imepunguzwa hadi ikawa inahema tu. Mama Kabula aliutazama ule mkwaju, akautazama uwanja uliojaa kuni nyeupe na nyekundu. Alikuwa mwanamke ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kukiri kosa, hata la chumvi kuzidi.

Akavuta pumzi.

"Leteni mbuzi," akasema. "Yule mweupe. Ndiye mnono, asije akasema nimempa mgonjwa."

Vigelegele vilivyopigwa hapo viliyaziba masikio yangu hadi jioni. Masanja hakuweza kutoka nyuma ya turubai kushukuru, kwa hiyo alichofanya ni kusogeza mkono wa valvu, na ile kabari ikaenda mbele na nyuma uwanjani, mbele na nyuma, bila gogo, kama ng'ombe dume anayecheza ngoma.

Walioana. Baba Shenaz naye alihamia kwenye tanuri la dizeli, akasema amechoka kuzunguka mtaa, akampa Masanja ile mashine iwe zawadi ya harusi. Ikahamia Buseresere moja kwa moja. Kwa mwaka mzima na zaidi kazi ilikwenda vile vile: Masanja nyuma ya uzio, Mama Kabula mbele akisimamia, mimi katikati nikipeleka maneno, mengi yakiwa hayaandikiki. Sauti niliyo nayo sasa, hii ya kukwaruza, niliipatia pale.

Kisha Kabula akajifungua mtoto wa kiume. Wazee wakakaa tena, wakasema sasa nyumba zimeungana, Masanja amnunulie mama mkwe shuka na wasalimiane, ukali wa mila umepungua. Asubuhi moja alitoka nyuma ya uzio, amevaa shati safi, anatazama vidole vya miguu yake. Mama Kabula alitazama upande wa barabara. Wakasalimiana kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kwa yeyote kati yao.

Siku iliyofuata tulifungua ile mipira mirefu, tukaunganisha mifupi ya zamani, na nikafunga kitambaa kwenye mmoja. Nzagamba ikawa kitu kimoja tena. Nilisimama pembeni nikangoja mtu anitume kusema neno kwa mwenzake, na hakuna aliyenituma. Mchana nilikunja nguo zangu. Kabula alinifungia ugali na samaki kwenye jani, Masanja akanipa mkono wenye mafuta na kusema nitarudi tu, nikasema ndiyo, na sote wawili tulijua miguu yangu ilivyo. Sikurudi tena.

Lori la Biharamulo lilikuwa linaondoka. Nikapanda juu ya magunia, na hata kabla dereva hajaingiza gia niliwasikia, wamesimama bega kwa bega mbele ya kabari.

"Mama, sogea, kipande kitakurukia."

"Sogea wewe, mkwe. Mimi nimekaa hapa kabla yako."

"Hapa ndipo anaposimama fundi."

"Na hapa ndipo anaposimama mwenye kiwanja. Weka gogo, acha maneno."